Printa ina Wi-Fi, laptop ina Wi-Fi, ila haviongei. Tusaidiane kuprinti bila waya nyumbani

#1 chaki_nyeupe

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha twisheni nyumbani, Morogoro, na kila Ijumaa natoa mazoezi ya hisabati kwa watoto wa darasa la saba. Kwenda stationery na flashi nimechoka. Hela inatoka, foleni ipo, na flashi ikirudi inakuja na virusi. Nikajipinda nikanunua Epson L3250, ile ya matanki, haina kioo. Printa nimeiweka juu ya kabati chumba cha watoto, laptop iko sebuleni, na waya uliokuja kwenye boksi haufiki hata mlangoni. Ninachotaka ni kuprinti nikiwa mezani kwangu, basi.

Laptop ni Windows 11. Ruta ndiyo ile niliyofungiwa na watu wa intaneti, inatoa majina mawili ya Wi-Fi, moja linaishia na 5G. Programu ya printa nimeiweka kwenye laptop, ikaniuliza maswali nikajibu, ikatafuta weee, mwisho ikasema haioni printa. Kwenye printa nikabonyeza kitufe chenye alama ya karatasi, ikatoa ripoti yenye maandishi mengi na E-2. Kijana wa dukani kwa simu ananiambia draiva ni mbovu, niirudishe. Naomba msaada kabla sijaibeba kwenye bodaboda.

#2 Bandubandu

Nunua waya wa mita 5, piga juu ya dari, kazi imeisha. Mambo ya Wi-Fi kwenye printa ni kujitafutia presha.

#3 mdau_Nyegezi

Nimekaa mkao wa kula. Yangu ina miezi haijawahi kuprinti bila waya.

#4 Mzee wa Toneri

Mwalimu, usiibebe. Draiva haihusiki hapa, na nitakueleza kwa nini.

Draiva, ile programu inayoiwezesha laptop kuongea na printa, ni kazi ya laptop. Ile karatasi ya ripoti imetoka kwenye printa yenyewe bila kuuliza laptop chochote, na E-2 maana yake printa imetafuta hewani Wi-Fi yenye jina ililopewa haikuiona. Sasa jiulize imepewa jina gani, na nani kaipa. Ile programu uliyoweka kwenye laptop kazi yake moja ni kuchukua Wi-Fi ambayo laptop inatumia wakati huo na kuikabidhi kwa printa pamoja na paswedi. Nina hakika laptop yako ilikuwa kwenye lile jina la 5G.

Hiyo 5G ya kwenye ruta si ile 5G ya simu. Ni masafa ya GHz 5. Printa yako, kama printa nyingi za bei ya nyumbani, inasikia masafa ya GHz 2.4 tu. Umeipa jina ambalo haiwezi kulisikia hata ukiipakata juu ya ruta.

Fanya hivi. Hamisha laptop iingie kwenye lile jina lisilo na 5G, kisha rudia programu ya printa tangu mwanzo. Kama ruta yako ina kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi, hata programu huihitaji: shikilia kitufe cha Wi-Fi cha printa zaidi ya sekunde 5 mpaka taa zianze kuwaka na kuzima, halafu ndani ya dakika 2 bonyeza WPS kwenye ruta. Ziache zitafutane. Taa ya Wi-Fi ikitulia, shikilia kile kitufe cha karatasi sekunde 5, itatoka karatasi ndefu zaidi. Tafuta mstari wa IP Address, yaani namba ya printa kwenye mtandao wa nyumbani, uniandikie hapa namba zilizopo.

@Bandubandu mita 5 ndiyo mwisho wa USB ya kawaida. Kutoka sebuleni, kupanda darini, kushuka chumba cha pili, hizo mita 5 zinaishia ukutani.

#5 Bandubandu

Mzee mbona makavu hivyo 😂 haya endelea.

#6 chaki_nyeupe

Jamani! Laptop kweli ilikuwa kwenye 5G. Nimehamisha, ruta ina kitufe cha WPS nyuma karibu na tundu la umeme, nimebonyeza, taa imetulia. Karatasi inasema 192.168.100.7. Nimerudia programu, imeiona papo hapo na nimeprinti ukurasa wa majaribio nikiwa jikoni.

Lakini nina swali la kijinga. Majina mawili ya Wi-Fi, laptop sasa nimeibakiza kwenye lile la kawaida, video zinakwama kidogo. Nikirudi kwenye 5G printa itapotea tena?

#7 Mzee wa Toneri

Si swali la kijinga, wengi wanakwama hapo. Rudi tu kwenye 5G. Majina ni mawili ila ruta ni moja na mtandao wa ndani ni mmoja. Ni nyumba yenye milango miwili, ukishaingia mnakutana sebule ileile. Printa imepita mlango wa 2.4, laptop ya 5, wataonana.

Wasioonana ni hawa: aliye kwenye mtandao wa wageni, ule wa Guest, na aliye kwenye ruta iliyowashwa kizuizi cha vifaa kuonana. Kizuizi hicho kwenye mipangilio huandikwa AP Isolation au Client Isolation. Kikiwa kimewashwa kila kifaa kinapata intaneti safi kabisa lakini hakimwoni jirani yake, na mtu anaweza kupiga programu upya hadi alfajiri. Kwenye vile viruta vya mfukoni vya laini ya simu kipengele hicho hukutana nacho sana.

#8 mdau_Nyegezi

Mzee hapo umenigusa. Mimi natumia kiruta cha mfukoni. Printa taa imetulia, laptop intaneti ipo, ila hawaonani. Naijuaje kama ni hicho kizuizi?

#9 Mzee wa Toneri

Toa karatasi ya mtandao upate IP ya printa. Kwenye laptop fungua Command Prompt, andika ping, acha nafasi, andika hiyo IP, gonga Enter. Ukijibiwa mistari ya Reply kutoka namba hiyohiyo, njia iko wazi na tatizo lako liko ndani ya laptop. Ukipata Request timed out au Destination host unreachable, njia imefungwa, hapo draiva waache wapumzike.

Pia linganisha IP. Ya printa ikiwa 192.168.8.103 na ya laptop 192.168.8.100, mko mtaa mmoja. Ya printa ikianza na 169.254, maana yake haikupewa namba na ruta kabisa, imejipa yenyewe.

#10 mdau_Nyegezi

Timed out. Nimeingia mipangilio ya kiruta kupitia 192.168.8.1, nimekuta AP Isolation imewashwa. Nimezima. Reply nne zimekuja mbio. Nimeprinti CV. Mzee ukija Mwanza sangara juu yangu.

#11 Fatu_wa_Kisauni

Salama wenzangu, mie niko Mombasa. Naomba kuuliza kabla sijanunua: kuprinti kwa Wi-Fi kunakula bando? Mume wangu anasema tutakuwa tunalipia data kila karatasi.

#12 Mzee wa Toneri

Hakuli hata chembe, dada Fatu. Faili linatoka laptop, linapita ruta, linaingia printa. Halitoki nje ya nyumba. Bando likiisha saa hii, au waya wa faiba ukikatwa barabarani, utaendelea kuprinti ilimradi ruta ina umeme.

Palikuwa na huduma ya Google Cloud Print, ile ilikuwa inazungusha faili kwenye intaneti kwanza, lakini ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo ukikuta video ya YouTube inakufundisha kuiwasha, pita. Cha kuangalia wewe dukani ni printa zenye mpango wa HP+. Masharti ya mpango huo yameandikwa wazi: printa iwe na intaneti muda wote na wino uwe wa HP wenyewe. Kuna wanaoona sawa. Kwa nyumba ambayo intaneti inakuja na kwenda, mimi singeshauri kuukubali mpango huo.

#13 Fatu_wa_Kisauni

Shukrani sana. Mwenyewe nimemsomea kwa sauti.

#14 fundi_kompyuta_Ilala

Niongeze kwa wanaokwenda kununua: soma namba ya modeli hadi herufi ya mwisho. L3210 na L3250 zinakaa rafu moja, umbo moja, rangi moja. L3210 haina Wi-Fi kabisa, ni USB tu. Kwenye leza nyingi herufi w mwishoni ndiyo habari yenyewe: HP 107a ni ya waya, 107w ina Wi-Fi. Mteja anaokoa hela kidogo kaunta, anarudi wiki inayofuata ananiuliza Wi-Fi inawashwa wapi. Haiwashwi, haimo.

#15 kapu_la_mama

Sasa sisi tuliokwishaokoa hiyo hela kidogo tufanyeje? Ninayo L3210 😭

#16 fundi_kompyuta_Ilala

Usilie. Una kompyuta ya zamani inayokaa sehemu moja? Ichomeke printa humo, kisha uishirikishe. Kwenye hiyo kompyuta: Control Panel, Devices and Printers, bonyeza kulia kwenye printa, Printer properties, kichupo cha Sharing, weka tiki, ipe jina fupi lisilo na nafasi. Laptop nyingine inaandika \\jinalakompyuta kwenye kivinjari cha mafaili, inaiona printa, unaibonyeza mara mbili. Ubaya wake: hiyo kompyuta ya zamani lazima iwe imewashwa na haijalala.

Kuna ruta pia zenye tundu la USB zinazoweza kubeba printa. Si zote zenye tundu zinafanya hivyo, nyingine tundu ni la flashi tu, na kuskani mara nyingi hakupiti. Angalia mipangilio kama kuna mahali pameandikwa Print Server.

#17 kapu_la_mama

Nimefanya ya kompyuta ya zamani. Laptop imeiona printa, ila nikibonyeza inaniletea 0x0000011b.

#18 fundi_kompyuta_Ilala

Hiyo ni zawadi ya Windows, masasisho ya Septemba 2021. Kulikuwa na tundu la usalama kwenye upande wa kuprinti, wakakaza mlango, na printa za kushirikishana zikabaki nje. Kwanza sasisha kompyuta zote mbili, hasa ile ya zamani, halafu jaribu tena.

Ikigoma, mitandaoni utaambiwa uingie regista, ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, uweke RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe 0. Inafanya kazi, lakini umefungua tena mlango waliokuwa wanaufunga. Mimi huwa napita njia nyingine: kwenye laptop weka draiva ya printa kama vile imechomekwa hapohapo, kisha kwenye kichupo cha Ports bonyeza Add Port, chagua Local Port, andika \\jinalakompyuta\jinalaprinta. Windows inadhani ni tundu la kawaida, inapeleka kazi kimya kimya.

#19 kapu_la_mama

Ya Local Port imekubali!!! Stakabadhi za vikoba sasa natoa nikiwa kitandani.

#20 chaki_nyeupe

Nimerudi wakuu. Ilikuwa inakwenda vizuri hadi jana. Umeme ulikatika usiku, uliporudi asubuhi printa ikawa Offline kwenye laptop. Taa ya Wi-Fi kwenye printa imetulia vizuri, laptop ina intaneti. Nimezima nimewasha vyote. Kazi saba zimepanga foleni, na wanafunzi wanakuja saa tisa.

#21 jiwe_la_pembeni

Ukifuta printa na kuiweka upya itarudi. Mimi kila umeme ukikatika nafanya hivyo.

#22 Mzee wa Toneri

@jiwe_la_pembeni ndugu yangu, utafuta na kuweka mpaka lini?

Mwalimu, toa tena ile karatasi ya mtandao. Nabashiri IP si 7 tena.

#23 chaki_nyeupe

192.168.100.4. Umejuaje?

#24 Mzee wa Toneri

Ruta inagawa namba kwa anayewahi kuamka. Umeme uliporudi simu za watoto zikawahi, printa ikapewa namba nyingine. Laptop bado inapeleka barua kwenye namba 7, na huko hakuna mtu, au ni simu ya mtoto. Ndipo inaandika Offline. Kwa nchi zetu ambazo umeme unakatika, hili ndilo tatizo la kwanza la printa za Wi-Fi, na dawa yake ni moja tu: printa ipewe namba ya kudumu.

Ipewe na ruta, usiiandike kwenye printa. Ukiiandika kwenye printa halafu siku moja ukabadilisha ruta, printa itabaki na namba ya mtandao usiokuwepo, na kwa kuwa haina kioo utahangaika nayo. Kwenye laptop fungua kivinjari, andika 192.168.100.1. Jina na paswedi mara nyingi viko kwenye stika chini ya ruta. Ukishaingia tafuta LAN, kisha DHCP, ile sehemu ya kugawa namba, halafu mahali pameandikwa Static DHCP, Address Reservation au maneno ya namna hiyo. Patataka vitu viwili. Cha kwanza ni MAC Address ya printa, yaani namba yake ya kiwandani, iko kwenye ile karatasi yako, jozi 6 za herufi na namba. Cha pili ni IP unayotaka. Chagua ya mbali, kwa mfano 192.168.100.50, isigombaniwe. Hifadhi, zima printa, washa, toa karatasi uhakikishe ni 50.

Sasa upande wa laptop. Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, Add device. Subiri mpaka litokee neno Add manually, libonyeze, chagua kuongeza printa kwa IP, aina weka TCP/IP Device, andika 192.168.100.50. Ile ya zamani ya Offline ifute ili usije ukaichagua kwa bahati mbaya.

Na zile kazi saba: Command Prompt kama Administrator, andika net stop spooler, gonga Enter. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo, folda yenyewe iache. Rudi uandike net start spooler. Ukiziacha zile kazi, printa ikirudi itatapika zote, na karatasi bei yake unaijua.

#25 pengwini_wa_Arusha

Kwenye Ubuntu unawasha laptop, printa ipo kwenye orodha. Hakuna draiva wala nini. Njia za kuprinti bila draiva zipo: IPP Everywhere ipo, AirPrint ya Apple ipo tangu 2010, nyie bado mnafuta folda.

#26 fundi_kompyuta_Ilala

Pengwini tulikuwa tunakusubiri 😂. Ni kweli printa mpya zinaongea IPP na Windows 11 inaijua pia. Lakini IP ikihama hata Ubuntu inaweza kubabaika kama uliiweka kwa namba. Tofauti ni kwamba ukiiacha Ubuntu iitafute kwa jina, inaifuata ilipohamia.

#27 pengwini_wa_Arusha

Hilo nakubali.

#28 jiwe_la_pembeni

Nimefuata ya Mzee hatua kwa hatua, namba ya kudumu imekaa, ping inajibu, lakini laptop bado inaandika Offline. Nikiichomeka waya inaprinti.

#29 Mzee wa Toneri

Kama ping inajibu, basi njia iko wazi. Nenda Printer properties, Ports, Configure Port. Chini utaona tiki ya SNMP Status Enabled. Iondoe. Windows inaiuliza printa hali yake kwa lugha hiyo ya SNMP, printa nyingi za nyumbani haziijibu vizuri, Windows inahitimisha kuwa imezimwa. Ukiondoa tiki inaacha kuuliza, inapeleka kazi moja kwa moja.

Angalia pia foleni yenyewe, kwenye menyu ya Printer pasiwe na tiki ya Use Printer Offline. Na hiyo ya waya ni ingizo tofauti kwenye orodha, mara nyingi lina Copy 1 mwishoni. Hakikisha Word imechagua lile la mtandao.

#30 jiwe_la_pembeni

Ilikuwa SNMP. Aisee.

#31 mwanachuo_Dodoma

Sisi wa hosteli hatuna ruta, tunatumia hotspot ya simu. Inawezekana?

#32 Mzee wa Toneri

Inawezekana. Simu inakuwa ndiyo ruta: washa hotspot kwa masafa ya GHz 2.4, ingiza printa, ingiza laptop. Data haitumiki kwenye kuprinti hata hapo. Usumbufu wake ni kwamba simu nyingi mpya za Android hubadilisha mpangilio wa namba kila ukiwasha hotspot upya, kwa hiyo ile dawa ya namba ya kudumu haikai.

Kwako ningeshauri Wi-Fi Direct. Printa inatoa Wi-Fi yake yenyewe, jina lake huanza na DIRECT, paswedi imo kwenye karatasi ya mtandao. Laptop inaingia hapo, unaprinti, unatoka. Wakati umeingia huna intaneti kwenye laptop, kwa sababu redio ya Wi-Fi imeshikwa na printa. Ukiihitaji, chomeka simu kwa waya utumie USB tethering, simu iipe laptop intaneti kupitia waya huo.

Na badilisha paswedi ya hiyo DIRECT. Hosteli ni hosteli, wino ni wako.

#33 mwanachuo_Dodoma

Hilo la wino nimelielewa haraka kuliko yote.

#34 chaki_nyeupe

Mrejesho. Namba ya kudumu imekaa. Kwenye ruta yangu palikuwa pameandikwa DHCP Static IP Configuration, kama kuna mwingine anatafuta. Umeme umekatika tena na kurudi, printa iko palepale kwenye 50. Mazoezi ya Ijumaa yametoka kabla hata watoto hawajafika.

Nyongeza kwa walimu: simu nayo inaprinti. Ya kwangu ni Android, nimeweka Mopria Print Service, nikifungua PDF ya WhatsApp naichagua printa bila kuwasha laptop. Na kuskani je, kunawezekana kupitia Wi-Fi? Nina vitabu vya zamani vya mazoezi nataka kuviingiza kwenye laptop.

#35 fundi_kompyuta_Ilala

Kunawezekana. Kuskani kunahitaji programu yake, ile ya Epson Scan 2. Ukiifungua mara ya kwanza, kwenye Settings ongeza skana kwa IP ileile ya 50. Kwa kitabu weka dpi 300 na rangi ya kijivu, faili halitakuwa zito na maandishi yatasomeka.

#36 chaki_nyeupe

Naweka sasa hivi.